Usidanganywe, oili ya giaboksi ya otomatiki hubadilishwa: ninavyofanya nyumbani Mombasa

Waulize mafundi wa mtaani kuhusu oili ya giaboksi ya otomatiki na majibu yatakuwa mawili tu. Wa kwanza atakwambia, "Hiyo haiguswi, bro, ni ya maisha." Wa pili atakusimulia habari ya jamaa fulani wa Changamwe aliyebadilisha oili, na wiki iliyofuata gari likakataa kuingia gia. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Oili ya gari langu naibadilisha mwenyewe nyumbani Kisauni. Kwa giaboksi nyingi za kawaida kazi hii si ngumu kuliko kubadilisha oili ya injini, ila inataka subira zaidi, hasa pale mwisho kwenye kupima.

Habari ya oili ya maisha ilitoka kwa watengenezaji wa magari wenyewe. Lakini ZF, kampuni ya Ujerumani inayowatengenezea BMW giaboksi zao nyingi, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Toyota nao, kwa magari yanayotumia oili ya WS, hawaweki muda wa kubadilisha kwa matumizi ya kawaida, kisha wanatenga matumizi magumu yawe na masharti yake. Sasa niambie, foleni ya feri ya Likoni saa kumi na moja jioni mwezi wa Februari ni matumizi ya kawaida?

Kinachoiua oili hii ni joto. Kati ya injini na gia kuna toki konveta, ambayo hupitisha nguvu kwa kuizungusha oili yenyewe. Ukishika barabara kuu kwa mwendo mmoja, konveta hujifunga, oili haisumbuliwi sana na joto hushuka. Kwenye foleni unasogea, unasimama, unasogea tena, na muda wote huo konveta inaikoroga oili tu. Ndiyo maana gari linalokwenda Voi na kurudi laweza kuwa na oili nzuri kuliko lile linalozunguka kati ya Likoni, Mwembe Tayari na Kongowea, hata kama la Voi lina kilomita nyingi zaidi. Na ukiwa umesimama kwenye foleni ya feri, weka N, usikae kwenye D huku umekanyaga breki dakika ishirini.

Halafu kuna suala la magari yetu yalikotoka. Mengi yameshuka hapa hapa Kilindini yakiwa yameshatumika Japani, na sheria ya Kenya inayaruhusu mradi yasizidi miaka 8. Nani alibadilisha nini huko, hujui. Chungulia kwenye fremu ya mlango wa dereva na chini ya boneti, wakati mwingine utakuta kibandiko cha gereji ya Kijapani. Hata kama husomi Kijapani, herufi ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kifupi) na kilomita zilizoandikwa kando yake utazielewa. Usipokikuta, chukulia kwamba oili haijawahi kuguswa.

Tumrudie yule jamaa wa Changamwe, maana habari yake si uongo mtupu. Ndani ya giaboksi kuna klachi nyembamba zenye pedi, na zikilika, unga wake unaelea kwenye oili. Watu wengi hawaikumbuki oili mpaka gari lianze kuteleza: unakanyaga, injini inapiga kelele, gari haliendi. Hapo pedi zimekwisha, na oili mpya haiwezi kuzirudisha. Gari linakufa wiki ile ile na lawama anabebeshwa aliyebadilisha oili. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chomoa kijiti cha kupimia, uitazame oili na uinuse. Ikiwa nyekundu au imeanza kuwa kahawia, endelea. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, na gari tayari linateleza, usianze kazi hii; mpelekee fundi wa giaboksi, tena anayejulikana. Na ukiona imekuwa pinki nzito kama sharubati ya stroberi iliyotiwa maziwa, kuna maji ndani. Mara nyingi ni kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka, au gari lilipita kwenye mafuriko ya masika. Gari kama hilo usiliendeshe hata mpaka dukani.

Kununua oili ndiko watu hupotea. Nyekundu zote hazifanani. Toyota za zamani kidogo, kama Fielder ya NZE121 niliyo nayo, hutumia Type T-IV, na imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Zilizofuata hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota wenyewe wanakataza kuchanganya hizo mbili. Honda wana DW-1, iliyochukua nafasi ya Z1. Nissan wana Matic zao, D, J na S. Na magari ya CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ni ukoo mwingine kabisa: NS-2 na NS-3 kwa Nissan, TC na FE kwa Toyota. CVT inategemea mkanda wa chuma unaobana kwenye puli, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ule usiteleze. Ukiitia ATF ya kawaida, umeiharibu. Muuzaji akikwambia "hii inaingia zote", geuza mtungi usome nyuma. Kama jina la oili yako halimo, aga vizuri uondoke. Pia tazama pete ya kifuniko kama haijakatwa, na sili iliyo chini yake. Oili za kughushi zipo, na hazitofautishwi kwa rangi.

Vifaa ni vichache: jeki, stendi nne, spana inayoingia kwenye nati ya chini ya kumwagia oili (Toyota yangu inataka aleni ya milimita 10, Honda nyingi nati yake ina tundu la mraba linalopokea racheti moja kwa moja), karai, faneli yenye shingo ndefu nyembamba, washa mpya (pete ya kuziba inayokaa kwenye nati), na mitungi mitupu yenye alama za lita. Kitambaa cha kufutia kijiti kisiwe kinachotoa nyuzi, kwa sababu njia za oili ndani ya valvu bodi, kile kipande kinachogawa oili kwenye gia, ni nyembamba mno na uzi mdogo unatosha kuziba. Kipande cha leso kuukuu iliyofuliwa hadi ikalainika kinafaa sana. Omba ruhusa kwanza.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nyua zetu nyingi ni mchanga, na jeki kwenye mchanga huzama upande taratibu bila wewe kuona. Weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, kisha lisukume gari kwa nguvu kabla hujalala chini yake. Nainua magurudumu yote manne, kwa sababu gari likiinuka mbele tu oili hukimbilia nyuma na nyingine haitoki.

Sasa nati. Hapa pwani upepo wa chumvi hautuonei huruma, na nati ambayo haijafunguliwa tangu Japani huwa imeshikana na sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Jioni ya siku iliyotangulia naipulizia dawa ya kutu na kuiacha ilale nayo. Asubuhi nachokoa uchafu wote kwenye tundu lake kwa msumari, kwa sababu aleni isipozama hadi mwisho inakula kingo, na hapo umejitafutia kazi ya kuchomelea. Halafu sheria moja usiivunje: kama giaboksi yako haina kijiti na hujaziwa kwa nati ya pembeni, fungua ile ya kujazia kwanza. Ukimwaga oili halafu ile ya kujazia ikatae, gari litabaki papo hapo kwenye mawe.

Liwashe gari dakika chache oili ipate uvuguvugu, lizime, kisha ufungue. Isiwe moto sana, inaunguza, na paipu ya ekzosi iko hapo hapo karibu na mkono wako. Iache itone mpaka matone yawe ya kuhesabika. Ikishakwisha, imimine kwenye mitungi ile yenye alama na uandike kiasi, hata kwa makaa ukutani. Kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha, labda kama ilikuwa pungufu tangu mwanzo. Kwenye gari langu hutoka kama lita tatu, wakati giaboksi nzima hubeba zaidi ya sita. Zilizobaki zimo kwenye konveta na mabomba, hazitoki kwa nati.

Hapo ndipo watu huniambia, "Yakhe, sasa si umebadilisha nusu tu?" Ndiyo, na ndivyo ninavyotaka. Rudia baada ya wiki mbili tatu za kuendesha, oili mpya itakuwa imefika karibu asilimia 70. Mara ya tatu inapita 80. Kuna mashine za kusukuma oili yote itoke kwa mkupuo, na wapo wanaozisifu. Kwa gari ambalo historia yake siijui, sizitaki. Uchafu uliotulia miaka mingi ukisukumwa kwa presha waweza kwenda kukaa kwenye solenoidi, vile vivalvu vya umeme vinavyoongoza oili. Kidogo kidogo ina gharama ya oili zaidi, lakini giaboksi haishtuki.

Kushusha sampu ili kusafisha filta ni hiari yako, na kwa gari lililotoka Japani nashauri ufanye mara moja. Chini ya sampu utakuta sumaku ndogo zimevaa tope la kijivu laini. Lisugue kati ya vidole: likiwa laini kama hina, ni ulikaji wa kawaida. Ukihisi vipande vinavyokwaruza, ni chuma kinachovunjika, na hilo ni jambo la fundi. Safisha sumaku, uzirudishe pale pale zilipokuwa, tia gasketi mpya. Bolti za sampu ni ndogo, zikaze kwa mkono mwepesi na kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Ukizibana kama nati za gurudumu, sampu inapinda na itavuja daima.

Kujaza ni kupitia tundu la kijiti, taratibu, kwa ile faneli nyembamba. Kisha inakuja kupima, na hapa usiwe na haraka. Shusha gari pahali tambarare. Liwashe, kanyaga breki, upitishe gia kutoka P, R, N, D hadi ya mwisho, ukikaa sekunde chache kila moja, kisha urudi P. Injini ikiendelea kunguruma, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, chomoa tena. Kwa sasa oili isome kwenye alama za baridi. Baada ya hapo endesha mpaka oili ifike joto la kazi, nyuzi 70 hadi 80. Mimi hutoka Kisauni hadi Mtwapa na kurudi. Pima tena vivyo hivyo, na sasa isome kati ya alama mbili za HOT. Soma pande zote mbili za kijiti na uamini ule wa chini. Ikizidi, punguza, oili nyingi hutiwa povu na gia zinazoizungusha, na povu halishiki klachi. Wenye Honda, nyinyi mnapima injini ikiwa imezimwa, mara tu baada ya kuzima, si ikiwaka.

Gari lisilo na kijiti hupimwa kwa nati ya kumwagikia: oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, injini inawaka, unafungua na kusubiri itoke kwa matone. Joto hilo linasomwa kwa skana, kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari, si kwa kushika sampu. Na kwa jua letu, gari lililoegeshwa nje saa saba mchana linaweza kulipita kabla hujamaliza kujaza, kwa hiyo anza alfajiri. Kama huna skana, azima, au mwachie fundi hatua hiyo tu. Nissan nyingi za CVT zina bomba la kijiti lakini ndani mna kifuniko kitupu, kijiti kinabaki na fundi. Na wenye Subaru, tafadhali, hakikisheni ni nati ipi ni ya injini na ipi ni ya giaboksi kabla ya kugeuza chochote. Kumwaga ya giaboksi ukidhani ni ya injini, kisha ukaongeza oili kwenye injini ambayo haikumwagwa, ni ajali inayowapata hata mafundi wazoefu.

Usiku huo tandaza boksi safi chini ya gari, asubuhi uangalie kama kuna tone jekundu. Kama lipo, mara nyingi ni washa ya zamani iliyorudishwa. Oili chafu irudishe kwenye mitungi ile ile uipeleke gereji wanakokusanya kwenye mapipa. Usiimwage mtaroni, mitaro ya upande huu inaishia kwenye mikoko ya Tudor. Andika kilomita na jina la oili kwenye kipande cha karatasi ya gundi, ukibandike kwenye fremu ya mlango. Mimi hurudi kuifungua tena zikipita kilomita 40,000, na gari likiwa la kuvuka feri kila siku singesubiri zifike hizo.