Kuhamishia mifumo ya wilaya ya shule mawinguni: seva ziache kwanza, shika orodha ya wanafunzi

Mkuu, hongera kwa kazi. Umesema umeajiriwa kitengo cha teknolojia cha wilaya moja ya shule huko Ohio, Marekani, na mkurugenzi wako anataka seva zote (kompyuta kuu za kutunza data) zilizoko chumba cha chini zihamie mawinguni, yaani kwenye kompyuta za makampuni zinazotumika kupitia intaneti, kabla shule hazijafunguliwa Agosti. Unauliza uanze na kipi, kipi kibaki, na pesa zitoke wapi. Mimi niko Iowa, kazi ni hiyo hiyo, na kwa miaka hii nimeshiriki kuhamisha barua pepe, mafaili, simu na mfumo wa taarifa za wanafunzi. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwa wanaosoma wakiwa nyumbani: wilaya ya shule huku si ile ya mkuu wa wilaya. Ni mamlaka inayojitegemea, mara nyingi ina bodi iliyochaguliwa na wakazi na fungu lake la kodi, na inasimamia shule kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Hakuna wizara inayoteua mfumo mmoja kwa wote. Kwa kawaida kila wilaya inajinunulia. Yenye wanafunzi 900 na yenye wanafunzi 90,000 zinakutana na wauzaji wale wale, na ile ndogo huenda ina fundi mmoja tu.

Haya, swali la kwanza. Anza na orodha ya watu. Najua mkurugenzi akisema wingu anafikiria zile mashine zinazounguruma chini, lakini mashine ndiyo sehemu rahisi. Zamani kila mfumo ulikuwa na orodha yake: maktaba yake, kantini yake, mabasi yake, ofisi ya muuguzi yake. Jina likikosewa, kosa lilibaki palepale, na karani aliyemjua mtoto kwa sura alilirekebisha. Mawinguni haiko hivyo. Mtoto akiandikishwa leo kwenye mfumo wa taarifa za wanafunzi, usiku taarifa zake zinapelekwa Clever au ClassLink, huduma zinazosambaza orodha ya wanafunzi kwa mifumo mingine, zinamfungulia akaunti ya Google au Microsoft, zinamwingiza kwenye madarasa yake ya Canvas (mfumo wa masomo mtandaoni), zinampa namba ya chakula na kituo cha basi. Hakuna mkono wa mtu katikati. Rekodi ya kwanza ikiwa na kasoro, asubuhi kasoro ile iko kila mahali.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana Ohio mna jamaa zetu wengi. Kwetu tuna familia nyingi za Wakongo na Warundi waliopitia makambini, wengine Nyarugusu kule Kigoma, wengine Nakivale Uganda. Makaratasi ya wengi yana tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, kwa sababu aliyewaandikisha alipewa mwaka tu. Kabla ya kuhamisha mfumo wa wanafunzi, muuzaji anakupa programu ya kutafuta rekodi zilizojirudia. Programu inalinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha inakuletea orodha yenye kitufe cha kuziunganisha zote kwa mpigo. Nilipoipitia orodha yetu mstari kwa mstari, nilikuta watoto wawili wa shule mbili tofauti, jina moja, wote 1 Januari ya mwaka mmoja. Programu ilikuwa na uhakika kabisa kwamba ni mtoto mmoja aliyehama shule. Mmoja wao ana mzio wa karanga kwenye rekodi ya muuguzi. Mwenzake hana. Zikiunganishwa rekodi zile, chanjo, mzio na alama za watoto wawili zinakuwa za mtu mmoja, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kubomoa na kujenga upya.

Upande wa wazazi ni kinyume chake. Programu inadhani ndugu wana jina moja la ukoo. Nilikaa ofisini na mama mmoja aliyekuja na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao familia nyingi bado zinatunzia makaratasi ya safari. Akawapanga watoto wake mezani karatasi kwa karatasi: wanne, majina ya mwisho manne. "Huyu alipewa jina la babu yake. Huyu la shangazi aliyefariki wiki ile alipozaliwa." Kwenye mfumo walionekana watoto wanne wasio na undugu, kwa hiyo mama alikuwa na akaunti nne za mzazi na nywila nne, na alishaacha kuzitumia. Akaunti zikaunganishwa kuwa moja, namba yake ya simu ikawekwa badala ya barua pepe asiyoifungua, na lugha ya ujumbe ikabadilishwa kuwa Kiswahili. Siku hiyo hiyo alianza kupokea taarifa za mahudhurio. Kwangu mimi huko ndiko kuhamia mawinguni kwenyewe. Wewe unaijua lugha na unajua majina yetu yanavyokwenda, na kitengo kizima huenda hakina mtu mwingine wa namna hiyo. Omba kazi ya kusafisha orodha uifanye wewe.

Orodha ikishakaa sawa, barua pepe na mafaili ni kazi nyepesi, na huenda mlishahamisha. Angalia nafasi tu. Google walianza kutoa huduma hii kwa shule mwaka 2006, na kwa muda mrefu nafasi ilikuwa haina kikomo. Februari 2021 walitangaza kwamba kila taasisi inapata terabaiti 100 za pamoja bila malipo, na kwa waliokuwemo tayari utaratibu ukaanza Julai 2022. Microsoft nao wakafuata: terabaiti 100, na nyongeza kwa kila leseni ya kulipia. Piga hesabu mwenyewe. Ukiwa na watumiaji 8,000 kwenye terabaiti 100, kila mmoja ana gigabaiti 12.5, na video za mechi za timu moja ya futiboli zinazimaliza hizo kabla msimu haujaisha. Kabla ya kuhamisha, tafuta akaunti za waliohitimu na walimu walioondoka. Ila usifute mpaka usome sheria ya jimbo kuhusu muda wa kutunza kumbukumbu.

Simu zinahamishika, ila kuna jambo moja ambalo lazima ulithibitishe kwa miguu, chumba kwa chumba. Sheria iitwayo Kari's Law, iliyoanza kutumika Februari 2020 kwa mifumo mipya ya simu za ofisini, inataka mtu aweze kupiga 911, namba ya dharura, moja kwa moja bila kubonyeza namba ya kutokea nje. Sheria nyingine, RAY BAUM's Act, inataka wapokeaji wa simu ya dharura wapate mahali alipo anayepiga kwa namna itakayowawezesha kumkuta. Simu ikiwa mawinguni, mfumo unajua tu kile ulichouandikia. Simu ya darasa la ghorofa ya pili ikihamishiwa jengo la pili na hakuna aliyebadilisha taarifa, gari la wagonjwa litakwenda jengo la kwanza. Pangeni na kituo cha 911 siku ya kujaribu, msipige tu.

Vitu ambavyo mimi nisingevitoa jengoni: kengele, mitambo ya joto na ubaridi, na rekodi za kamera. Kufuli za milango ya umeme zinaweza kusimamiwa kutoka mawinguni, lakini kifaa cha mlangoni lazima kiendelee kuwatambua wafanyakazi hata intaneti ikikatika. Video za kamera ni nzito, zitakula njia yenu ya intaneti mchana kutwa. Na faiba, waya unaoleta intaneti, hukatika: kijiko cha ujenzi kikipita vibaya barabarani shule nzima haina intaneti. Hata faiba ikiwa nzima, mwenye wingu naye huanguka. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu kwenye wingu la Amazon huko Virginia iliiangusha Canvas nchi nzima, siku ya shule, Jumatatu. Mwalimu asiye na orodha ya darasa lake kwenye karatasi siku hiyo hakuwa na pa kushika. Mwaka 2014 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iliweka lengo la kasi ya intaneti ya gigabiti 1 kwa sekunde kwa kila watumiaji 1,000, wanafunzi na wafanyakazi. Ulizia mko wapi kwenye kipimo hicho kabla hujahamisha chochote, na ulizia kama mna njia ya pili ya intaneti.

Mkurugenzi atakwambia wingu ni salama zaidi. Kwa sehemu yuko sahihi. Seva isiyofanyiwa masasisho kwenye wilaya yenye fundi mmoja ni hatari kweli. Septemba 2022, mapumziko ya Labor Day, wadukuzi waliingia wilaya ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa nchini, wakadai fidia. Wilaya ikakataa kulipa, nao wakaanika mafaili mtandaoni. Lakini tazama yaliyoipata PowerSchool, muuzaji wa mfumo wa taarifa za wanafunzi, Desemba 2024. Aliyeingia alitumia nywila iliyoibwa ya lango la huduma kwa wateja, na kupitia hapo akachukua taarifa za wanafunzi na walimu wa wilaya nyingi. Zilizotunzwa kwa muuzaji zilichukuliwa, na hata wilaya zilizokuwa na seva zao wenyewe ziliguswa pale mlango wa mafundi wa muuzaji ulipokuwa umeachwa wazi. Bodi ya shule ya Toronto, Kanada, ilitangaza kwamba taarifa zilizoguswa zilirudi nyuma hadi mwaka 1985. Mtu aliyemaliza shule zamani, mwenye wajukuu sasa, taarifa zake bado zilikuwa zimekaa pale.

Kwa hiyo muuzaji muulize: mafundi wenu wanaingiaje kwenye data zetu? Mlango huo naweza kuufunga na kuufungua mimi? Uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na ithibati ya pili) ni lazima kwa wafanyakazi wenu wote? Mwanafunzi akihitimu, mnatunza nini chake na kwa muda gani? Na tukiondoka, mtaturudishia data kwa mpangilio gani, ndani ya siku ngapi, na kwa bei gani? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Maneno ya afisa mauzo hayakusaidii, kwa sababu mwaka ujao atakuwa kampuni nyingine. FERPA, sheria ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi, inairuhusu kampuni kuzishika kumbukumbu hizo bila ridhaa ya kila mzazi pale inapofanya kazi ambayo shule ingeifanya yenyewe, huku shule ikidhibiti matumizi yake. Udhibiti huo unatakiwa uonekane kwenye karatasi. Kwa watoto chini ya miaka 13 kuna COPPA pia, sheria ya faragha ya watoto mtandaoni.

Pesa. Hapa ndipo wilaya nyingi zinaumia, na bodi haielewi mpaka bili ya pili ifike. Seva ni kifaa: unanunua mara moja, tena mara nyingi kwa hati fungani, yaani mkopo wa wilaya uliopigiwa kura na wakazi. Huduma ya wingu ni bili ya kila mwaka, na pesa za hati fungani kwa kawaida ni za majengo na vifaa. Inabidi itoke kwenye mfuko mkuu, ule unaolipa mishahara ya walimu. E-Rate, mpango wa serikali kuu uliotokana na sheria ya mawasiliano ya 1996, inawapa punguzo la asilimia 20 hadi 90 kutegemea umaskini wa wanafunzi na kama mko kijijini, lakini ni kwa ajili ya intaneti na mtandao wa ndani. Tangu mageuzi ya 2014 hailipii tena huduma za barua pepe wala tovuti. Faiba na swichi ziombee huko, leseni zitafutie kwingine. Wakati wa korona Bunge lilitoa mafungu matatu kwa shule, jumla yake karibu dola bilioni 190, na wilaya nyingi zikajisajili kwenye huduma za wingu kwa pesa hizo. Mwisho wa kusaini mikataba ya kuzitumia, kwa fungu la mwisho, ulikuwa 30 Septemba 2024. Pesa zimekwisha, bili zinaendelea kuja. Omba orodha ya kila huduma iliyonunuliwa kipindi kile, uone wangapi bado wanaingia humo. Utashangaa ni ngapi hazifunguliwi na mtu, na zikifutwa hizo unaweza kupata sehemu nzuri ya bajeti yako. Ohio pia mna vituo vya teknolojia vya kanda vinavyohudumia wilaya nyingi kwa pamoja. Ongea nao kabla ya kusaini peke yenu.

Kuhusu Agosti: mwambie mkurugenzi, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba yote hayawezekani. Kiangazi hiki safisheni orodha, wekeni uthibitisho wa hatua mbili kwa watumishi wote wakiwemo wapishi na madereva, maliza mafaili, na kama mkataba wa simu umeiva, hamisheni simu za jengo moja. Mfumo wa taarifa za wanafunzi uacheni mpaka kiangazi kijacho, uhame baada ya ripoti za mwisho wa mwaka kwenda jimboni na kabla uandikishaji haujafunguliwa. Dirisha hilo ni wiki chache tu za Juni na Julai, na makarani wengi wako likizo, kwa hiyo siku zao za kulipwa za kiangazi ziingizwe kwenye bajeti kuanzia sasa. Bila wao hutajua rekodi ipi ni ya mtoto yupi.