Kupuliza rangi rimu nyumbani, kwa sisi tunaoishi kwenye baridi

Ushauri mwingi wa kupaka rimu rangi umetolewa na watu wa joto. Pulizia, subiri dakika kumi, pulizia tena, jioni funga tairi uondoke. Ukiwa Dar es Salaam sawa. Huku Mbeya mwezi wa saba, asubuhi, kopo la rangi limepoa kiasi kwamba presha ya ndani imeshuka, ukibonyeza linatema matone badala ya kupuliza ukungu mwembamba. Nimepaka rimu za gari langu, za shemeji yangu na za jirani au wawili, na ninachoweza kuwaambia watu wa nyanda zetu hizi ni kwamba saa na msimu vinaamua kazi hii kuliko bei ya kopo.

Tuanze na msimu. Mvua zetu huanza kwenye Novemba na kwenda mpaka Aprili, mara nyingine zinaingia Mei, na watu wa Tukuyu ndiyo usiwaulize kabisa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, klia, ile rangi angavu ya mwisho isiyo na rangi, hukauka ikiwa imenasa maji, rimu inapata weupeweupe ambao hautoki kwa kufuta. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba unyevu umekwisha, lakini kuna upepo, vumbi jekundu, na watu wanachoma mashamba. Majivu meusi yanapenda sana rangi mbichi. Iringa mjini upepo wake mnaujua wenyewe. Kinachobaki ni mwisho wa Mei, Juni na Julai: kukavu, vumbi halijapamba moto, ila baridi. Mimi nachagua baridi, kwa sababu baridi unaisubiri kwa muda wa saa tatu tu jua likapanda, lakini vumbi huwezi kuliambia lisubiri.

Kwa hiyo kupuliza kwangu kunaanza saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, na ikifika saa nane mchana sigusi tena kopo. Mkono wa mwisho, yaani tabaka la mwisho la rangi, nao unahitaji muda wa kushika kabla baridi ya jioni haijarudi. Makopo mengi yameandikwa joto linalofaa, kwa kawaida nyuzi 15 hadi 25, na mchana wa Juni hapa mjini unafika huko bila shida. Njombe na Makete vumilieni, mchague siku yenye jua kweli. Lakini usiweke rimu juani. Chuma kikishapata moto, rangi inakauka kabla haijatandaa na uso unakuwa na vipele. Kivuli cha baraza kinatosha.

Kopo lenyewe lipashe kwa maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, yale ambayo mkono wako unakaa ndani bila kuchomoa. Usizidishe. Kopo la namna hii halitakiwi kupita nyuzi 50, limeandikwa hivyo ubavuni, na halikuandikwa kwa mapambo. Nalisema hili kwa sababu huku kwetu kila nyumba ina jiko la mkaa na kila mtu akiona kitu kimepoa anakisogeza kwenye jiko. Gesi inayosukuma rangi kwenye makopo mengi ni jamaa ya ile ya mtungi wa kupikia. Inashika moto. Usilete jiko barazani ili rangi ikauke haraka, usipulizie karibu na jiko la mama anayepika, wala usipulizie stoo ukiwa umefunga mlango kukwepa upepo. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la msasa tu, mvuke wa rangi unapita kama kawaida, hivyo kaa mahali hewa inapotembea.

Sasa gari. Viwanja vingi vya hapa mjini vimelala kwenye mteremko wa Loleza, na jeki haipendi mteremko. Tafuta sehemu tambarare, vuta hendibreki, tia gia, weka mawe makubwa kwenye matairi yanayobaki chini, na weka ubao mnene chini ya jeki kama ni udongo. Legeza nati kabla hujainua. Kama huna stendi za kuegemeza gari, paka rimu moja moja na ufunge spea mahali pake. Gari likae kwenye matairi manne, lisilale juu ya jeki, hasa nyumba yenye watoto. Kama spea yako ni ile nyembamba, haikutengenezwa kwa safari. Nyingi zimeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa.

Na tafadhali usipulizie tairi likiwa kwenye gari. Nimeona inafanyika sehemu za kuoshea magari, gazeti moja limebandikwa kwenye bodi na kazi inaanza. Rangi inapita kwenye matundu ya rimu inakwenda kutua kwenye diski ya breki. Wewe unaishi nchi ya milima, diski yako iache safi.

Ukishatoa tairi, liangalie kabla ya kulipenda. Zungusha kidole ukingoni, mbele na nyuma. Rimu ya aloi yenye ufa haipakwi rangi, inaachwa. Iliyopinda kwa shimo la barabarani nayo kwanza iende kwa fundi. Puti ni ya kujaza mikwaruzo ya pembeni mwa barabara, siyo ya kuficha pigo, na ajabu ni kwamba kuna watu wananunua rimu zilizopakwa vizuri wakiamini ni nzima.

Kusafisha ndiko kunakokula muda. Rimu za mbele zina uchafu zaidi, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, na ukiwa umeteremka mlima Kitonga mara kadhaa ile unga ya pedi inakuwa imeganda kama masizi ya sufuria. Sabuni na maji moto, brashi, mswaki wa zamani kwenye pembe za nati. Upande wa ndani pia, maana vumbi la huko litapeperuka likija mbele wakati unapulizia. Suuza, kausha kabisa, kisha msasa. Rangi ya zamani inayobanduka na zile alama nyeupe zinazotambaa chini ya klia zipige kwa namba 240 mpaka ufike mahali pagumu. Kingo zake ulainishe kwa 400 hadi kidole kisihisi ngazi. Sehemu nyingine unakwaruza tu mng'ao uondoke. Halafu futa kwa thina kidogo kwenye kitambaa safi, na kuanzia hapo usishike kwa mkono mtupu. Petroli siitumii kufutia. Inaacha mafuta yake nyuma, mbali na hatari yake.

Kukinga tairi, wengi hubandika tepu na magazeti na baadaye wanakaa wakikwangua rangi kwenye mpira. Kuna njia nzuri zaidi. Punguza upepo mpaka tairi lilegee, kisha chomeka vipande vya karatasi ngumu kati ya mpira na rimu, kila kimoja kikipanda kidogo juu ya kingine, mpaka mzunguko ukamilike. Na karatasi ngumu Tanzania haijawahi kuadimika: tumia kadi za michango ya harusi. Zikate katikati, zina unene unaofaa kabisa, na hatimaye zinakurudishia kitu. Mdomo wa upepo uzungushie tepu.

Kuna sehemu mbili lazima uzizibe, na hizi hata mafundi wengine hawazijali. Ya kwanza ni uso wa nyuma unaolala kwenye habu, kile kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa. Ya pili ni vile vikombe vya matundu ambamo nati hukaa. Rangi nene ikiwa hapo, nati inabana rangi badala ya kubana chuma. Baada ya safari kadhaa rangi imesagika na nati imelegea bila mtu kuigusa. Mimi nasokota karatasi na kujaza kila tundu.

Praima kwanza, yaani rangi ya msingi inayoshikisha nyingine. Kama umefika kwenye aluminiamu tupu, uliza praima ya aluminiamu hasa, ya kawaida itakuja kubanduka. Sokoni Mwanjelwa wauzaji wa rangi wanazijua, ila sema mapema kwamba ni ya rimu, usije ukapewa ya geti. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya ile gololi ya ndani kuanza kugonga. Simama umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya rimu, pita, malizia nje. Mkono wa kwanza uwe hafifu, chuma kionekane bado. Watu wanaharibu hapa: wanataka rangi ifunike mara moja, inatiririka kwenye spoku, wanakuja kuifuta kwa kidole. Ikitiririka iache ikauke mpaka kesho, ipige msasa wa maji namba 600, endelea. Kati ya mkono na mkono kopo linasema dakika 10. Kwa baridi yetu nazifanya 20. Rangi mikono mitatu myembamba, klia miwili au mitatu, kopo likigeuzwa pande zote kwa sababu spoku ina mbavu.

Rangi gani? Nyeusi ya kung'aa inapendeza siku ya Jumamosi tu, Jumatatu vumbi jekundu limeshaichora. Kijivu iliyokolea inavumilia vumbi la barabara na la breki pia. Silva haikosei.

Kuhusu zile rangi za kuchanganya na hadna, dawa ya kuzigandisha, ndiyo, zinakuwa ngumu zaidi na zinastahimili petroli. Lakini mvuke wake ni mbaya kwa mapafu kuliko huu wa kopo la kawaida, na barazani kwako huna kinga yake. Mwachie fundi mwenye kompresa, chumba na vifaa vya kupumulia.

Baada ya klia, rimu ikilala ndani ya stoo usiku usidanganyike na kwamba haigandi kidoleni. Imekauka juu tu. Wiki moja ndiyo naipa kabla sijaifunga, na vijana wa kuoshea kwa presha wasiisogelee kwa mwezi mzima. Mpira wa maji wa kawaida unatosha.

Wakati wa kurudisha, toa karatasi zote kwenye matundu, jaza upepo, kaza nati kwa mkono kwanza, halafu kwa spana ukiruka ya pili, siyo kwa kufuata duara. Kwa gari ndogo nyingi za Toyota kipimo ni niutoni-mita 103, kama unaweza kuazima spana yenye kipimo. Usiisimamie spana kwa miguu miwili. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, yaani umekwenda Tunduma, zikaze tena kabla ya kugeuza. Na siku fundi breki akija kutoa hewa, mwambie mapema kwamba rimu imepakwa kwa kopo: mafuta ya breki yakidondokea hapo na kukaa, rangi inavimba na kutoka yote. Awe na maji na kitambaa karibu, afute papo hapo.