Simu inasema Moshi jua, Marangu inanyesha: nifuate utabiri upi?

SWALI: Naishi Marangu, mwinuko wa mita 1,450 hivi, na naanika kahawa ya maganda kwenye vichanja. Mara nyingi simu inaonyesha Moshi hakuna mvua, lakini ikifika saa nane mchana kwangu inanyesha na kahawa inalowa. Utabiri ni wa uongo, au nausoma vibaya?

JIBU: Utabiri huo huenda ni sahihi kabisa, ila ni wa Moshi. Mji uko kwenye mita 800 na kitu. Wewe uko juu yake kwa zaidi ya mita 600. Upande wa kusini wa Kilimanjaro mvua huongezeka kadiri unavyopanda. Moshi mjini hupata karibu milimita 900 kwa mwaka, na msituni kwenye mita 2,200 hivi kiasi hicho hukaribia mara tatu. Ukipita hapo, inapungua tena.

Kinachofanya hivyo ni mlima wenyewe. Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, hewa ya tambarare inaanza kupanda na unyevu wake, na inapopanda hupoa. Mawingu hujengeka kuanzia saa nne au tano, na mvua ikija huja mchana. Usiku upepo hugeuka, hewa baridi ikashuka, na ndiyo maana alfajiri kilele huwa wazi hata kama jana yake kilijificha kutwa.

Programu nyingi za simu huchota matokeo ya modeli za dunia nzima, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa, zinazoigawa ardhi katika miraba. Data mojawapo inayotumika sana hutolewa kwa miraba yenye upande wa kilomita 28 hivi, na kutoka Moshi hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Mraba mmoja unaweza kubeba migomba, msitu na mawe matupu, vyote vikapewa mwinuko mmoja wa wastani. Ukiandika jina la kijiji chako unadhani umepata utabiri wa kijiji, kumbe umepewa wa mraba. Joto unaweza kulirekebisha mwenyewe: toa nyuzi 0.6 hivi kwa kila mita 100. Moshi ikiwa nyuzi 31, kwako tarajia 27. Mvua hairekebishiki hivyo kwa siku moja moja.

Kwa hiyo utumie utabiri kujua aina ya siku, siyo saa ya kufunika kahawa. Soma ule wa saa 24 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwa mkoa wa Kilimanjaro. Ukitaja mvua katika maeneo machache, kwa mtu wa mteremkoni hiyo ni onyo tosha. Halafu tazama mlima. Mawingu yakianza kurundikana kwenda juu kabla ya saa nne, usiondoke nyumbani bila kumwachia mtu turubai. Mawingu bapa ya Juni hadi Agosti ni jambo jingine: huleta ukungu na manyunyu, na kahawa haikauki hata kama haijanyeshewa. Wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, ndipo hasara huwa kubwa, kwa kuwa mavuno bado yako kichanjani.

Turubai lisilale juu ya kahawa yenye joto. Mvuke hugandia chini yake na kudondoka, ukakuta punje zimelowa bila tone la mvua. Inua turubai kwa fito, acha upepo upite pembeni. Usiku funika kila siku, maana kahawa iliyokwisha kukauka hunyonya unyevu wa hewa.

La muhimu kuliko yote, pima mvua yako. Tafuta faneli yenye mdomo wa sentimita 16 na dumu la lita tano. Mdomo huo una eneo la sentimita za mraba 201, hivyo kila mililita 20 za maji ni milimita moja ya mvua. Bomba la sindano la mililita 20 linatosha kupimia. Lifukie dumu nusu, mdomo wa faneli uwe sentimita 30 juu ya nyasi na ulale sawasawa. Kipimo kiwe mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti au nyumba hiyo. Soma saa tatu asubuhi kila siku, kisha mwaga. Maji mengi ya asubuhi hiyo ni ya jana mchana, kwa hiyo yaandike kwenye tarehe ya jana.

Wengi hukosea kwa kuweka kipimo chini ya migomba: majani huzuia mvua ndogo, na mvua kubwa huchuruzika kutoka kwenye jani moja, kipimo kikajaa uongo. Sakafu ya saruji nayo hurusha matone ndani. Kagua pia shingo ya faneli, jani moja likiziba maji yatafurika nje.

Ukishakuwa na misimu kadhaa daftarini, hata utabiri wa masika wa TMA utausoma tofauti. "Juu ya wastani" ni wastani wa eneo pana, na wa kwako wewe ndiwe wa kuujua. Asubuhi utakayopima zaidi ya milimita 50 za saa 24, kwa TMA hiyo ni mvua kubwa; kagua mfereji wa maji kabla ya kukagua kahawa.