Waifai imejaa, intaneti hakuna

Ndugu yangu wa Arua, unasema waifai ya ofisini inaonyesha mistari yote lakini kurasa hazifunguki, hasa umeme ukirudi. Mistari hiyo inapima nguvu kati ya simu yako na ruta tu. Hali ya laini inayoleta intaneti kutoka nje, mistari hiyo haiijui. Kwa hiyo usihangaike kuhamisha meza.

Zima ruta na kile kisanduku cha faiba (ule waya mwembamba wa kioo unaoleta intaneti), ngoja dakika moja, kisha washa kisanduku kwanza. Taa zake zikitulia ndipo uwashe ruta. Halafu chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Waya ukifanya kazi na waifai ikagoma, ingia kwenye mipangilio ya ruta, weka chaneli (njia ya mawimbi) ya waifai ya 2.4 GHz iwe 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani. Waya nao ukigoma, na taa ya LOS (ya kukosa mawimbi) kwenye kisanduku inawaka nyekundu, huenda faiba imekatika au imepindwa mno; hapo waite mafundi wa kampuni.

Adapta, yaani kile kichwa kinacholeta umeme kwenye ruta, nayo iangalie. Yangu ilichoka kwa umeme wa kukatikakatika, ruta ikawa inajizima kila nikipakua kitu kizito, na mimi nalaumu mtandao mwezi mzima! Nilipoazima nyingine ya volti na ampea zilezile, ikatulia.