Saa ya Bao na Saa ya Habari

Jumapili isiyo na harusi, msiba wala mgeni ni adimu nyumbani kwetu hapa Morogoro, na kwa miaka kadhaa niliipata nikaipoteza. Nilikuwa nikiamka na kushika simu, nikihama kutoka habari moja hadi nyingine, na ilipofika adhuhuri nilikuwa nimechoka kama mtu aliyetoka shamba, ilhali baba yangu ameketi barazani na bao lake bila wa kucheza naye.

Kilichonizindua ni ujumbe nilioupokea wakati wa masika, uliodai kwamba daraja moja la njiani limesombwa na maji. Niliusambaza kwa ndugu bila kuuliza umetoka wapi. Shangazi yangu aliahirisha safari ya kliniki, na jioni tukabaini kuwa daraja lilikuwa zima na picha ile ilikuwa ya miaka ya nyuma. Nilimwomba radhi akanisamehe, lakini miadi yake ilikuwa imesogezwa kwa wiki mbili, na hilo lilinikaa moyoni.

Tangu hapo tuna utaratibu ninaowashauri wenzangu waujaribu. Baada ya chai ya asubuhi simu zote huwekwa juu ya kabati la vyombo, milio ikiachwa wazi kwa ajili ya mwenye dharura, na habari husubiri taarifa ya saa 2 usiku, ambayo tunaisikiliza sote kwa pamoja.

Mchana ni wa bao. Ukitaka burudani ya siku kama hiyo, chagua isiyowezekana bila mtu wa pili, kwa kuwa ndiyo itakayokukutanisha na watu wa nyumba yako. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, ambazo huziingiza mojamoja katika hatua ya kunamua. Hatua hiyo ndiyo yenye mazungumzo: kete inaingia, baba anasimulia, mwanangu anauliza, na binti yangu anayefuma kitambaa pembeni anadakia. Kete za mkononi zikiisha na hatua ya pili, iitwayo mtaji, ikaanza, maneno hupungua, kwa sababu kila mmoja anahesabu mashimo. Mambo mengi ya ujana wa baba nimeyasikia wakati wa kunamua, wala sikuwahi kuyauliza.

Usiku, taarifa ikiisha, hatuwashi kitu kingine kwa muda wa nusu saa. Siku moja ilitajwa habari ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na mwanangu akauliza kwa nini basi umeme hukatika mtaani kwetu. Baba alianza na Kidatu, bwawa la mkoa huu huu lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, kisha akamweleza kwamba kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni jingine: megawati 2,115 zinaweza kuwapo Rufiji na bado transfoma ya mtaa ikazidiwa au nguzo ikaanguka. Mtoto alielewa, nami pia nilielewa, ingawa habari za bwawa hilo nilikuwa nimezisoma mara nyingi nikiwa peke yangu.

Swali linalotushinda tunaliandika katika daftari linalokaa kando ya televisheni, na aliyeliuliza ndiye anayelitafutia jibu katika juma linalofuata. Jumapili iliyopita nilipoanza kusimulia jambo nililolisikia sokoni, kitinda mimba wetu, mwenye miaka 9, alinikatiza kwa adabu: “Samahani mama, hiyo nani kaithibitisha?” Nilinyamaza, nikachukua kalamu, nikaiandika katika daftari.