Taa ya mkanda imewaka, nisubiri hadi Januari?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Prado ya dizeli ya mwaka 1998, injini 1KZ, niliyoinunua kwa mtu Makambako. Ilipofika kilometa 200,000, taa iliyoandikwa T-BELT iliwaka kwenye dashibodi na haijazima. Sasa inasoma 203,000. Fundi mmoja amefungua kava, akasema mkanda bado mzima na ataizima hiyo taa. Desemba tunashuka Dar na watoto. Naweza kusubiri Januari, nikishamaliza ada za shule?
Mama wa watatu, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisubiri, na taa hiyo asikuzimie mtu kabla mkanda haujabadilishwa.

Taa ya T-BELT ni ya mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamishafti, shafti inayofungua na kufunga valvu (milango ya hewa na moshi ya injini). Lakini taa haiuoni mkanda wenyewe. Inahesabu kilometa tu, kila zikifika 100,000 inawaka, na kuizima hakuhitaji hata kugusa injini. Kwa hiyo siwezi kuamini kwamba mkanda ulibadilishwa ilipowaka mara ya kwanza. Mwombe aliyekuuzia risiti. Kagua pia chini ya boneti, maana mafundi wa Japani hubandika stika yenye tarehe na kilometa za siku mkanda ulipofungwa. Usipopata chochote, hesabu kwamba huo ni wa kiwandani, na umri wake umepita robo karne. Mpira huchoka hata gari likiegeshwa. Mafundi wengi hatuuachi upite miaka 7 hivi.

Huyo aliyesema ni mzima ameangalia mgongo wake. Nyufa, meno yaliyolika au oili iliyoulowesha ni sababu ya kuutoa leo leo, lakini usipoziona bado hujajua kitu. Nguvu ya mkanda iko kwenye nyuzi zilizo ndani ya mpira, na hizo hazikaguliki kwa tochi. Wala haupigi kelele kwanza, kama cheni ya Toyota IST inavyofanya ikilegea. Unakatika, injini inazima.

Na kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, kamishafti inasimama, valvu kadhaa zinabaki wazi, pistoni zinapanda na kuzipinda. Nimefungua injini za namna hiyo. Mwenye gari huja akidhani ameishiwa dizeli tu. Hedi ya 1KZ, yaani kichwa cha injini kinachobeba valvu, ni ghali, tena inajulikana kwa kupasuka. Nikifikiria hilo likukute kwenye mteremko wa Kitonga, lori nyuma yako, usukani mzito, breki zinakuwa ngumu, watoto ndani, sina ushauri mwingine wa kukupa. Kama fedha haijatimia, Desemba pandeni basi, gari libaki Iringa.

Ukiwa tayari, nunua mkanda pamoja na puli na kikazio chake, kwa sababu beringi ya puli ikijamu hukata mkanda mpya. Oili sili ya kamishafti, ule mpira unaozuia oili isivuje, ibadilishwe siku hiyohiyo, maana pale mbele pameshafunguliwa. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine, hiyo spea iache.

Kisha simama hapo gereji. Kabla ya kuwasha, fundi aizungushe injini kwa spana mizunguko miwili kamili, akuonyeshe alama za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kamishafti na pampu ya dizeli zimekaa sawa. Akitaka kuwasha bila kufanya hivyo, mzuie. Zikikaa, ndipo azime taa, nawe uandike tarehe na kilometa kwenye stika uibandike juu ya kava.