Muulize Mwalimu: Je, Mshtarii inapinda nuru?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Umeme ukikatika hapa Mbagala, napanda juu ya simtanki kuitazama sayari ya Mshtarii (Jupita). Nimesikia mvutano wake unapinda nuru ya nyota. Wanapimaje?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenikumbusha darasa langu la Kidato cha Tatu, maana swali hili nalipenda mno.

Anza na Jua. Tarehe 29 Mei 1919 lilipopatwa, Waingereza walipiga picha nyota zilizokuwa karibu nalo kutoka kisiwa cha Principe, Afrika Magharibi, na mji wa Sobral, Brazil. Zilionekana zimesogea, karibu na kiasi alichokokotoa Einstein: sekunde 1.75 za digrii kwa nuru inayopita ukingoni mwa Jua. Digrii moja ina sekunde 3,600.

Mshtarii ni ndogo kuliko Jua. Nuru inayogusa ukingo wake hupinda sekunde 0.016 tu. Chomoa unywele mmoja, mpe mwenzako asimame nao kilomita moja kutoka ulipo: unene wake ndio huo.

Ndiyo maana tarehe 8 Septemba 2002 wanasayansi Fomalont na Kopeikin walitumia masahani ya redio yaliyotapakaa Marekani, na jingine Ujerumani, yakisikiliza kwa pamoja kama sikio moja kubwa. Mshtarii ilipita karibu na kwazari, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachotoa mawimbi ya redio, ambayo nayo hupinda kama nuru. Walilinganisha mahali pa kwazari hiyo na kwazari nyingine za jirani, siku hadi siku, wakaona kwazari hiyo imesogea.

Juu ya simtanki hutauona mpindo huo. Ukipata darubini ndogo, tazama miezi minne mikubwa ya Mshtarii.